MBA Ukiwa Kazini Mtwara: Uliza Habari za Msimamizi Kabla ya Jina la Chuo

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sichambui simu wala jiko la gesi. Bidhaa ya leo ni hii hapa mezani: makabrasha matatu ya vyuo, daftari langu la matumizi, na rundo hili la karatasi lenye wino mwekundu. Nachambua shahada ya uzamili ya biashara, MBA, kwa mtu aliye kazini huku kwetu Kusini, awe Mtwara, Masasi, Nachingwea au Lindi mjini. Nimeisoma mwenyewe nikiwa mhasibu kwenye shughuli za korosho, kwa hiyo naongea niliyoyapitia.

Kila anayenifuata swali lake ni moja: "Dada, chuo gani kina jina?" Na mimi namuuliza: msimamizi wako wa tasnifu, ile kazi ya utafiti unayoandika mwishoni, ukimtumia kazi, atakujibu baada ya siku ngapi? Hapo ananishangaa. Jamani, masomo ya darasani yanaisha. Ukianguka mtihani utasapu, yaani utaurudia, maisha yanaendelea. Watu wazima wenye kazi na familia wanakwama kwenye tasnifu.

Ngoja nisogeze kamera. Mnauona ukurasa huu? Sura ya tatu, mbinu za utafiti. Pembeni pameandikwa neno moja tu: "Rekebisha." Nirekebishe nini? Sampuli? Dodoso? Hakusema. Niliituma mwezi wa tatu, ikarudi mwezi wa sita. Muda wangu wa usajili ukawa umepita, nikalipa tena ili niongezewe. Chuo sikitaji, maana najua msimamizi yule alikuwa na wanafunzi wengi kuliko uwezo wake. Lakini pesa ilitoka mfukoni mwangu, na usiku ule nililia.

Sasa tuingie kwenye makabrasha. Masomo ya jioni Dar es Salaam ni mazuri sana kwa mtu wa Dar. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, Mzumbe nao wana kampasi Dar. Ila wewe wa Shangani au Chikongola hapa Mtwara, bila uhamisho wa kikazi, hilo sahau. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, huwezi kutoka ofisini saa tisa na nusu ukawahi kipindi.

Halafu kuna mpango wa kwenda kwa vipindi, wiki moja darasani kisha unarudi kazini. Huu naupenda, kwa sababu unakaa na wenzako, mnabishana uso kwa uso. Lakini kumbukeni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, mtandao ukayumba nchi nzima. Barabara hakuna, intaneti hakuna, na kazi ya chuo ina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo ulizeni mapema: likitokea la kutokea, mwanafunzi wa mkoani anaongezewa muda?

Kwa walio wengi huku, mimi naelekeza macho Chuo Kikuu Huria, unakosoma ukiwa mbali na darasa. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yetu, na kina vituo Mtwara na Lindi, mitihani unafanyia hukuhuku. Ugumu wake ni upweke. Hakuna wa kukuamsha. Kama hujazoea kujisukuma, tafuta wenzako wawili watatu kabla hujalipa hata shilingi. Na msivipite vyuo vilivyopo mjini hapa, Stella Maris na TIA, yaani Taasisi ya Uhasibu. Nendeni getini mkaulize mwaka huu wamefungua uzamili upi.

Vyuo vya nje vya mtandaoni sitakaa navyo sana. Kabla ya kulipa, wasiliana na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ujue kama shahada hiyo itatambuliwa nchini. Ukishalipa ndio uulize, umechelewa.

Sasa hesabu ambayo kabrasha halikuoneshi. Kwa mfumo wetu uzamili ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Ukijibana ukapata saa 15 kwa wiki, hizo ni wiki 120, zaidi ya miaka miwili. Aliyekuahidi miezi 18 huku unafanya kazi, muulize saa nyingine utazitoa wapi.

Na kalenda! Minada ya korosho inaanza Oktoba. Ukiwa chama cha msingi, ghalani, benki au kwenye usafirishaji, kuanzia hapo mpaka Januari hulali. Na muhula wa kwanza wa vyuo vingi unaangukia humohumo. Mimi nilijibu jaribio la fedha nimekaa juu ya gunia ghalani, simu ina chaji asilimia tisa. Omba kuanza muhula wa pili kama chuo kinaruhusu, au chukua masomo machache msimu ukiwa umepamba moto.

Daftari hili nalo: ada ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna nauli, gesti, bando, kuchapa, kubaindi, na siku nilizokatwa posho. Jumlisha yote kabla hujaenda kwa mwajiri kuomba kibali cha masomo.

Basi, Jumatatu asubuhi piga simu chuoni, omba kuongea na mratibu wa uzamili. Muulize hivi: msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Kazi inarudi ndani ya siku ngapi, na sheria hiyo imeandikwa wapi? Walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wamevaa joho? Akikujibu kwa namba, chukua fomu. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru, kata simu, piga chuo kinachofuata.