Neva ya jicho iliyoumia: tujifunze kwa samaki au kwa panya?

Kwa gharama, samaki pundamilia anashinda bila mjadala: tangi moja linabeba wengi. Panya anataka vizimba, matandiko ya kubadilishwa na mkono wa mtu kila siku.

Kwenye matokeo ndipo pa kutulia. Ponda neva ya jicho la samaki, na baada ya wiki chache nyuzi zake zimerudi ubongoni zenyewe. Protini kama efrini-A, iliyo nyingi nyuma ya eneo la kuonea la ubongo kuliko mbele, huzielekeza: nyuzi za nyuma ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, huikwepa, zikatua mbele. Miaka ya 1940 Roger Sperry, mtafiti Mmarekani wa ubongo, alikata neva ya jicho la chura na kuligeuza jicho juu chini. Neva ikaota hadi palepale pa zamani, na chura akamwona nzi wa juu, akaruka chini!

Neva ya panya haioti hivyo. Jeni ya PTEN, inayozuia seli kukua, ikizimwa, mbinu iliyoonyeshwa mwaka 2008, baadhi ya nyuzi huota, ila nyingine hupotea njia. Kwangu, upotevu huo ndio thamani ya panya, maana neva ya binadamu nayo haijirudishi.

Unachunguza jinsi nyuzi za jicho zinavyojipanga ubongoni kama ramani? Chukua samaki. Unatafuta tiba? Utafika tu kwa panya.