Uzoefu wangu na mafundi bomba: kishindo cha maji ukutani

Yeyote ambaye mabomba ya nyumba yake yanagonga asiiite kampuni hii. Nasema hivi baada ya kuvumilia kwa majuma kadhaa kishindo kilichokuwa kikitoka ndani ya ukuta wa bafu kila mara mashine ya kufulia ilipomaliza kuchukua maji, kishindo kizito kama cha mchi unaotua kinuni, ambacho kiliwaamsha wajukuu na hatimaye kikalegeza kiungo cha bomba nyuma ya sinki hadi maji yakawa yanachuruzika.

Nyumba yangu, kama nyumba nyingi za Dar es Salaam, hutumia maji ya tenki la akiba, na pampu ndiyo inayoyasukuma hadi ghorofani. Fundi mkuu waliyemtuma alichelewa kufika, akasimama mlangoni mwa bafu, hakufungua koki hata moja wala hakuiangalia pampu, akatamka kwamba huo ni upepo tu na utaisha wenyewe. Papo hapo, bila kuona kwamba kauli zake zinapingana, akasema dawa yake ni kubandua marumaru zote za ukuta na kubadilisha mabomba. Nilipomuuliza kama amepima presha, alinijibu: "Mama, hayo ni mambo ya kiufundi. Baba akirudi nitamweleza." Nilimwambia kwamba hakuna baba anayesubiriwa, kwamba nyumba nimeijenga mimi kwa fedha zangu na mlipaji ni mimi. Akatabasamu, akaniandikia risiti ya ada ya ukaguzi ambao hakuufanya, akaondoka.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hayo aliyoyaita mambo ya kiufundi yanaeleweka na mtu yeyote anayeelezwa kwa heshima. Valvu ya umeme ya mashine ya kufulia hujifunga ghafla, na ndivyo zinavyofungwa pia koki za kisasa za robo mzunguko. Maji yaliyokuwa yakikimbia bombani yakizuiwa namna hiyo, nguvu ya mwendo wake hugeuka kuwa wimbi la presha linalorudi nyuma, katika bomba la chuma kwa kasi ya zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, likivipiga viungo na kulitikisa kila bomba ambalo halikushikizwa vizuri ukutani. Mwanasayansi Mrusi Nikolai Zhukovsky alichapisha hesabu za wimbi hilo mwaka 1898, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji huko Moscow. Kwa hesabu hizo, maji yaendayo mita 1 tu kwa sekunde yakisimamishwa ghafla ndani ya bomba la chuma, presha inaweza kupanda kwa zaidi ya bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Katika mabomba ya plastiki kama yangu ongezeko huwa dogo zaidi, kwa kuwa kuta zake hunyumbuka, lakini halitoweki. Elimu hii ina zaidi ya miaka 120, na fundi anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kuijua na kuieleza.

Nilipolalamika kwa simu walimtuma kijana mwingine, na haki inanilazimu kumsema kwa wema. Alinipa shikamoo, akauliza kishindo hutokea wakati gani, akaniomba niiwashe mashine, akaweka kiganja ukutani na kusikiliza. Kisha akafunga geji kwenye koki ya nje: presha ilikuwa karibu bar 5. Aliirekebisha swichi ya pampu ili ishuke hadi bar 3 hivi. Aligundua pia kwamba tangi dogo la presha lililo kando ya pampu limepoteza upepo, akaizima pampu, akayatoa maji na kulijaza upepo hadi chini kidogo ya presha inayoiwasha pampu. Nyuma ya mashine alifunga kizuia kishindo, kichupa cha chuma chenye hewa na pistoni, akinieleza kwamba hakina maana kikiwekwa mbali na valvu inayojifunga. Nilimuuliza kama kipande cha bomba kilichozibwa juu kisingetosha, akasema hewa ya humo huyeyuka majini taratibu hadi bomba lijae. Hakuna marumaru hata moja iliyovunjwa, na kishindo kilikoma siku hiyo hiyo.

Jioni hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kuwasamehe. Kesho yake nikawapigia ofisini kuomba nirudishiwe ada ya ukaguzi wa kwanza, nikajibiwa kwamba fundi mkuu ana uzoefu wa miaka mingi na kwamba huenda mimi ndiye sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri sana. Ninawapa nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana, ambaye ningemwita tena hata leo kama ningeweza kumpata bila kupitia kwa wakubwa wake. Anayelazimika kuwaita basi adai fundi mwenye geji, na asilipe chochote kabla ya kuiona imefungwa kwenye koki. Ada yangu bado ninaidai.