Data ya utafiti: uiweke wazi au "niandikie imeili nitakutumia"?

Wengi wakimaliza utafiti wanaandika tu anayetaka data aombe kwa imeili, na mwanzoni inaonekana poa maana unajua nani anachukua na anaenda kufanyia nini, shida inakuja miaka mitano baadae, imeili ya kazini ishafungwa, kompyuta imekufa, na faili lenyewe linaitwa mwisho_mpya2. Nani atalipata hapo?

Ukiiweka kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Zenodo (CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, waliianzisha 2013, na ni bure) unapewa DOI, yaani namba ya kudumu, kwahiyo mtu akitumia data yako anakutaja vilevile anavyotaja makala. Ila kazi ipo jamani! Uchague leseni, CC BY inamtaka mtumiaji akutaje, CC0 unaachia haki zako zote, mtu atumie atakavyo. Halafu uandike faili la maelezo. Mimi nishapakua data ya mtu nikakuta safu ya umri imejaa 99, nikajua ni wazee kumbe 99 maana yake hakujibu, wastani wangu wote ukawa takataka.

Kwa data za wagonjwa hapo nageuka. Kufuta majina tu haitoshi, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo zikikaa pamoja mtu anaweza kujulikana. Hizo bora ziombwe, ila maombi yaende kwa kamati ya taasisi sio imeili ya mtu mmoja, na maelezo ya safu zilizopo na zilivyokusanywa yabaki wazi kwa wote.