Tairi za meno kwenye Africa Twin: Ziwa Natron na kurudi

Africa Twin yangu, pikipiki ya Honda aina ya CRF1000L, niliiendesha miaka miwili kwa tairi ilizotoka nazo kiwandani. Kwenye lami raha tupu, kwenye vumbi la Engaruka, njia ya kwenda Natron, aibu. Ndipo nikafunga tairi za meno makubwa, 90/90-21 mbele na 150/70-18 nyuma. Chapa siitaji, maana nina lalamiko hapo chini.

Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami, na huko ndiko zinakokuudhi. Ukifika 80 zinanguruma hadi unadhani bearingi zimekufa. Ukilala kwenye kona unahisi kama umekanyaga embe bivu: meno yanapinda kwanza, ndipo pikipiki inakubali. Mvua ikiwa imenyesha, acha nafasi ya kutosha nyuma ya basi. Mimi niliacha ndogo, nikajuta.

Mto wa Mbu unakata kulia, lami inaisha. Kilomita 20 za mwanzo nilikwenda na upepo wa barabarani, kwa uvivu tu. Njia imekunjamana kama bati, na pikipiki ilikuwa inaruka-ruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikasimama chini ya mgunga, nikashusha upepo hadi PSI 24. Jamani! Tairi ya mbele ikaanza kushika njia niliyoichagua mimi, si iliyoitaka yenyewe. Anayesema tairi za meno hazina maana, muulize kwanza alijaza upepo kiasi gani. Ila usishuke sana: modeli hii ina tyubu, na jiwe likiibana kwenye rimu ni pancha papo hapo. Pampu usiisahau.

Karibu na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai kuna vumbi la majivu, laini kama unga wa sembe. Hapo unasimama kwenye vikanyagio, unatazama mbali, na hukati mafuta hata moyo ukikuambia ukate. Moyo uliniambia, nikakata. Tairi ya mbele ikazama, nikalala ubavu taratibu kabisa, kama mtu anayejilaza kitandani.

Kilo 232 kwa vipimo vya Honda, bila mizigo. Nilikuwa nimeshafungua mabegi pale vijana wawili wa Kimaasai walipotokea, sijui wapi, maana nilikuwa sijaona mtu nusu saa nzima. Tukainua. Mmoja akaizunguka pikipiki, akapiga tanki kofi.

"Kaka, hili dume. Kwa nini hukuja na ndama?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Boda yenye mzigo wa mkaa ilinipita palepale.

Kushuka makorongo nilizima ABS ya nyuma, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukipiga breki, nikaacha meno yachimbe. Hapo tairi ya nyuma ilinilipa hela yangu yote. Lakini kufikia kilomita 4,500, meno yake ya katikati yamebaki nusu, na moja limeng'oka lote kwenye mawe ya Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Muuzaji aliniambia ni kawaida. Kwa bei ile, kawaida gani?

Ya mbele bado ina meno mengi, na hiyo nitainunua tena bila kufikiri. Nyuma nitafunga nusu kwa nusu, ya lami na vumbi, kwa sababu ukweli ni kwamba siku nyingi naendesha kwenda kazini Njiro, mjini Arusha.