Nikon Z8 na lenzi ya 180-600mm: kamera moja kwa picha za mnato na filamu za wanyamapori

Anayetaka kula kwa kazi mbili, picha za mnato za maisha ya watu na filamu za wanyamapori, hukwamia kwanza kwenye mzigo. Nikon Z8, iliyotangazwa Mei 2023, pamoja na lenzi ya Nikkor Z 180-600mm f/5.6-6.3 VR, huupunguza hadi kilo tatu na ushee: kamera gramu 910 na betri yake, lenzi gramu 2,140 na kola ya tripodi.

Sifa kuu ni ukimya. Kamera hii haina shata ya kimakanika hata kidogo, na sensa yake ya megapikseli 45.7 husomwa haraka kiasi kwamba mabawa ya tai hayatoki yamepinda. Zima mlio wa bandia kwenye menyu, na hapo hutamshtua chui wala mzee anayezungumza barazani. Ndani ya nyumba zenye taa za LED, mistari ikitokea, washa kipengele cha kupunguza mpepeso wa masafa ya juu, kisha badili kasi ya shata kidogo kidogo hadi ipotee.

Toleo la programu 2.00 la Februari 2024 liliongeza fokasi inayotambua ndege (viumbe, si eropleni). Usinunue iliyotumika bila kusasisha. Uwezo wa kunasa hadi sekunde moja kabla hujabonyeza kabisa ni mtamu kwa mdiria anayepiga mbizi, ila hutoa JPEG tu. Mhariri anayedai RAW, yaani faili ghafi la sensa, hutampa kitu.

Kwenye filamu ndiko pesa inakotoka. N-RAW (filamu ghafi ya Nikon) ya 8.3K kwa fremu 60 kwa sekunde katika ubora wa juu hula zaidi ya GB 40 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 512 haifiki robo saa. Kwa simba waliolala huo ni uharibifu. ProRes 422 HQ (filamu iliyobanwa, nyepesi kuliko RAW) ya 4K kwa fremu 25, takriban GB 330 kwa saa, inatosha kazi nyingi za televisheni. Nafasi za kadi ni mbili, lakini ya SD haipokei RAW ya filamu wala ProRes. Panga bajeti ya kadi za kasi za CFexpress Type B mbili au tatu, na diski mbili za nakala kila jioni.

Betri ya EN-EL15c ni ndogo kwa kamera hii. Chukua nne, au ilishe kwa pawabanki kupitia tundu la USB-C la umeme (yapo mawili, la pili ni la data). Adhuhuri ya Tsavo onyo la joto la kadi linaweza kutokea: funika kamera kwa kitambaa cheupe, na usiiache imewashwa bure.

Kosa la wengi waliotoka kwenye picha za mnato ni mwanga. Fremu 25 zinataka kasi ya shata ya 1/50. Kwa N-Log (picha bapa ya Nikon inayopakwa rangi wakati wa kuhariri), ISO 800, f/6.3 na jua kali, picha inaungua kwa karibu hatua saba, kila hatua ikiwa mwanga maradufu; unahitaji kichujio cha kupunguza mwanga, ND64 au ND128, cha milimita 95, nacho si rahisi mfukoni. Epuka vile vya kuzungusha vya bei poa, kwani kwenye 600mm hulainisha picha. Ukirudi kwenye mnato, kivue na upandishe kasi hadi 1/1600 au zaidi.

Lenzi hukuza kwa ndani, haivuti vumbi kama zile zinazorefuka, na mzingo mfupi wa nyuzi 70 hukutoa 180 hadi 600 bila kubadili mshiko. Udhaifu wake ni f/6.3: kabla jua halijachomoza, fisi huwa chengachenga tu. Na baada ya saa nne asubuhi mazigazi hula ukali wa chochote kilicho mbali. Lenzi ghali zaidi haitakuokoa, mwombe dereva asogee. Mfuko wa mchele kwenye dirisha la gari hushinda tripodi, alimradi injini imezimwa na abiria wametulia.

Kwa Z8 za mwanzo zinazouzwa mkononi, linganisha namba ya utambulisho (serial) ya kamera na orodha ya Nikon: baadhi zilirudishwa kwa vishikio vya mkanda kulegea. Tikisa vishikio hivyo kabla ya kulipa.