Taa za LED za miguuni kwenye gari: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Gari langu lina taa moja tu ya ndani, ile ya darini, na inaangaza kila mahali isipokuwa pale vitu vinapodondokea. Ufunguo ukiniponyoka usiku, naishia kupapasa chini ya pedali kwa mkono mmoja, simu nimeibana na meno ili inimulikie. Ndiyo maana nilinunua taa za LED za miguuni. Sikuwa natafuta disko, nilitaka kuona viatu vyangu.

Seti niliyoagiza ni ile inayouzwa kwa majina kumi tofauti, na ukifungua boksi unakuta kitu kilekile: mikanda minne yenye taa ndogo 18 kila mmoja, kisanduku cha kudhibiti chenye ukubwa wa kiberiti, rimoti bapa, na plagi ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Taa zenyewe ni zile zinazoitwa 5050, kwa kuwa kila moja ina milimita 5 kwa 5, na ndani yake mna chembe tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mikanda miwili ni ya mbele chini ya dashibodi, miwili ya uvunguni mwa viti kwa ajili ya abiria wa nyuma. Maelekezo yalikuwa karatasi moja yenye picha nne, na ukizitazama zote zinasema jambo moja: bandika.

Nikabandika. Haikuchukua nusu saa. Nikachomeka plagi, nikabonyeza rimoti, na gari likajaa rangi ambazo sikuziomba. Jioni hiyo nilimpakia mama. Alifungua mlango, akasimama, akainama kutazama chini ya dashibodi. "Mwanangu, hili bado ni gari au ni ukumbi wa harusi?" Nikaipeleka kwenye nyeupe haraka.

Niseme mapema kwamba taa zenyewe sina ugomvi nazo. Zinaangaza vizuri, rangi haikutofautiana kati ya mkanda na mkanda, na kwa mwangaza peke yake nazipa nne kati ya tano. Gundi naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu ilidumu siku tisa. Plagi siipi kitu: waya yake ilining'inia kando ya gia kama nyoka, na kila nikibadilisha gia naigusa.

Safari ya kwanza ya usiku ndiyo iliyonifundisha kuhusu rangi. Nilikuwa nimeweka bluu, maana kwenye picha za matangazo gari lenye bluu chini linapendeza. Barabara ilikuwa haina taa. Baada ya dakika kama tano nikaona macho yanachoka, na kioo cha mlango wa upande wangu kina ukungu wa bluu kila nikigeuka kutazama kioo cha pembeni. Nilikuwa najitazama miguu yangu mwenyewe kwenye kioo. Macho yaliyokwisha kuzoea giza, kazi ambayo huchukua dakika 20 hadi 30 kukamilika, hushtuliwa na bluu upesi kuliko nyekundu, kwa sababu zile chembe za jicho zinazofanya kazi gizani karibu hazioni nyekundu kabisa. Ndiyo maana BMW kwa miaka mingi walitumia rangi ya chungwa kwenye dashibodi zao. Bluu ndiyo iliyochelewa kuliko ndugu zake: LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, bluu yenye nguvu ikaja miaka ya 1990, na wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Nawaheshimu sana wazee wale, lakini usiku ule niliizima kwa kidole gumba bila hata kutoa macho barabarani.

Kuna na jambo la sheria. Katika nchi nyingi bluu inayoonekana kwa nje ni ya polisi na magari ya dharura, kwa hiyo hata kama macho yako hayasumbuki, usiache mwanga umwagike dirishani.

Nikahamia rangi ya kaharabu, ile njano inayoelekea chungwa, nikaipunguza mpaka karibu na mwisho. Hapo nikagundua kosa jingine. Nilikuwa nimebandika mikanda ikitazama chini moja kwa moja, na kapeti zangu za mpira zinang'aa. Ukikaa kwenye kiti unaona vidoti kumi na vinane vimejipanga juu ya kapeti kama shanga. Mwanga mzuri wa miguuni ni ule ambao huoni unatoka wapi. Nikaibandua, nikaigeuza itazame mbele, kule kwenye ukuta wa injini uliofunikwa sufi nyeusi, ili mwanga ugonge hapo kwanza ndipo urudi miguuni. Tofauti yake ilikuwa kubwa kuliko kubadilisha rangi. Kama utachukua neno moja tu hapa, chukua hilo.

Sasa ile siku ya tisa. Gari lilikuwa limeshinda juani. Nikaondoka saa kumi, nimefika kwenye mteremko, nakanyaga breki, nahisi kitu chini ya soli. Laini, kama kukanyaga kamba. Nikatazama chini sekunde moja: mkanda umedondoka, upande mmoja bado umeshikwa na waya yake, na upande wa pili umelala juu ya pedali ya breki. Breki ilishika, hakikutokea kitu. Lakini nilipoegesha na kuuzima moto, mikono ilikuwa imelowa jasho. Mkanda wenyewe una uzito usiofika hata wa kalamu mbili, ila waya yake ingeweza kujizungusha kwenye shina la usukani au ikabana chini ya klachi, na huko hakuna mtu anayetaka kwenda kuchunguza akiwa mwendoni.

Nilipoutazama ule mkanda, gundi yote ilikuwa imebaki kwenye mkanda. Kwenye plastiki ya dashibodi hakukuwa na alama hata moja. Plastiki ya chini ya dashibodi ina chunusi chunusi, na viwandani hupakwa vitu vinavyoifanya iteleze, kwa hiyo gundi hushika kwenye ncha za zile chunusi tu. Ongeza joto la gari lililofungwa juani, gundi inalainika kama nta. Safari ya pili nilisugua kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka kikiwa safi, nikabandika, halafu juu yake nikafunga kwa zipitai, vile vikamba vya plastiki vya kukaza, kila mkanda sehemu tatu, nikizipitisha kwenye matundu na mabano ya chuma yaliyomo humo chini. Gundi sasa inazuia mkanda usitingishike, na zipitai ndizo zinazoubeba. Waya zote nikazivingirisha kwa tepu ya kitambaa, ile nyeusi inayotumiwa viwandani, kwa sababu waya za plastiki zikigongana na plastiki ya dashibodi zinalia krr krr kwenye kila shimo la barabara.

Umeme ndio ulionila muda mwingi zaidi. Nilitaka taa ziwake mlango unapofunguliwa, kama magari ya bei mbaya. Kwa ujuzi wangu wa wakati ule, nikapeleka kisanduku cha kudhibiti kwenye boksi la fyuzi, kwenye fyuzi yenye umeme muda wote, nikafunga athi, yaani waya ya hasi, kwenye boliti ya bodi, nikajiambia nitakuwa nawasha kwa rimoti kabla ya kushuka. Kisha nikasafiri bila gari kwa siku ishirini. Nilivyorudi, gari halikutoa hata mlio wa starta.

Fundi umeme aliyekuja na nyaya za kuazimia moto aliuliza swali moja tu. "Umefunga nini karibuni?" Nikamwonyesha. Akacheka, akachomoa waya ya betri upande wa hasi, akaweka maltimita, kile kipimo cha umeme, katikati. Gari limezimwa, milango imefungwa, taa hazijawaka: miliampea 60. Akachomoa kisanduku changu: 25. Hizo 25 ni za saa, alamu na kompyuta ya gari, mambo ya kawaida. Zile 35 zilikuwa za kisanduku kukaa macho kikingojea rimoti. Piga hesabu: miliampea 60 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.44 kwa siku, mara siku ishirini ni karibu 29. Betri yangu ni ya ampea-saa 45 ikiwa mpya, na mpya haikuwa.

"Kaka, hii rimoti unaihitaji?" akauliza. Nikafikiri. Tangu nilipotua kwenye kaharabu sikuwahi kubadilisha rangi hata mara moja. Nikasema hapana. "Basi tuitupe, tatizo litakuwa limekwisha."

Alichonionyesha baada ya hapo kilinifanya nione aibu kwa muda nilioupoteza. Mkanda wa rangi tatu una waya nne. Nyeusi, na hapa ndipo wengi huunguza vitu, kwenye mikanda ya namna hii kwa kawaida siyo hasi bali ni chanya ya volti 12. Zile tatu za rangi ndizo hasi, kila moja na rangi yake, na kisanduku kazi yake ni kuzifungua na kuzifunga kwenda athi. Kwa bahati, swichi ya mlango kwenye gari langu nayo inafanya kazi hiyohiyo: inaunganisha waya ya taa ya darini na athi mlango ukifunguka. Kwa hiyo waya nyeusi inakwenda kwenye umeme wa kudumu kupitia fyuzi ya ampea 1, waya nyekundu ya mkanda inakwenda kwenye waya ya swichi ya mlango, na kijani inakwenda hapohapo kupitia rezista ndogo, kipande cha kupunguza umeme, ili iwake kidogo tu. Nyekundu nyingi na kijani kidogo, unapata kaharabu. Bluu tukaifunga tepu, ikalala. Mlango ukifungwa hakuna kitu kinachonywa umeme, kwa sababu hakuna kitu kinachongojea.

Angalizo: magari mengine swichi ya mlango inakata chanya, na mengine mwanga wa ndani unatawaliwa na kompyuta ambayo haipendi kuongezewa mzigo. Pima kwanza kwa maltimita, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Usipime kwa kubahatisha, na usitumie zile klipu za kung'ata waya. Tulilehemu kwa risasi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kila kiungo.

Sehemu ya nyuma ilikuwa fupi lakini ya kuogopa kidogo. Uvunguni mwa kiti cha dereva kuna plagi za manjano. Manjano ni rangi ya nyaya za mifuko ya hewa, ile inayofumuka kwenye ajali, na za mikanda ya usalama. Tulichomoa betri, tukasubiri, na hata hivyo hatukuzigusa. Waya zetu zilipita chini ya kapeti, mbali na reli ya kiti, na tukakisogeza kiti mbele na nyuma mara kadhaa kuona kama kuna kinachovutwa. Hapo ndipo unapojua kama umeacha urefu wa kutosha. Mara ya kwanza hatukuuacha.

Nikifungua mlango sasa, mwanga wa kaharabu unamwagika sakafuni, unakaa mpaka mlango ufungwe, kisha unafifia pamoja na taa ya darini kana kwamba gari lilizaliwa nalo. Injini ikiwa inaunguruma unang'aa zaidi kidogo, maana alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, inapandisha volti hadi 14 na kitu, na LED za mkanda wa bei rahisi hazina cha kuziba hiyo tofauti zaidi ya rezista zake. Nikiendesha zimezima kabisa, na sizikosi. Mama alipanda tena wiki iliyofuata, akatazama chini, akaketi bila kusema neno. Nimelichukua hilo kama sifa.

Kitu kimoja kimeharibika tangu hapo. Kwenye mikanda hii taa hupangwa tatu tatu kwenye foleni moja ya umeme, na chembe moja ikikatika, wenzake wawili wa rangi ileile nao wanazimika. Mwezi wa saba wa kuzitumia, uvunguni mwa kiti cha kushoto, nyekundu ya taa tatu za mwisho ilikufa. Kijani haikufa. Kwa hiyo abiria wa nyuma kushoto akifungua mlango anakuta kaharabu, kaharabu, kaharabu, halafu kijani kwenye kona. Ningeweza kukata mkanda pale penye alama ya mkasi na kubandika kipande kipya, ni kazi ya robo saa. Sijafanya. Hakuna aliyeuliza.