Uzoefu wangu: pakiti ya kupunguza mwili siku 30, na kliniki iliyonisaidia baadaye (Jinja)

Wiki hii tu watu watatu sokoni wameniuliza kama ile pakiti ya siku 30 inafanya kazi, sababu waliniona mwaka jana nikiwa nimekonda haraka, kwa hiyo naandika yote hapa ili nikiulizwa tena nitume tu. Mi nauza mivumba (nguo za mitumba) soko kuu la Jinja, hapa Uganda, nakaa Walukuba, nina watoto wanne, na hela niliyolipa ni yangu mwenyewe, hakuna mtu amenituma kusifu wala kuponda.

Nilianza nikiwa na kilo 91, urefu wangu ni sentimita 160. Nilienda kupima tu presha wakanikuta na 148 kwa 94. Baba yangu alipigwa stroku bado ana nguvu zake, upande wa kulia ukafa, na mama alimlisha kwa kijiko mpaka baba alipotutoka, kwa hiyo niliposikia hiyo namba ya presha sikulala. Kesho yake mwenzangu wa meza ya pili akaniletea mama mmoja anauza pakiti. Shilingi 420,000. Ndani kuna makopo mawili ya unga wa kukoroga na maji, boksi la chai ya usiku na karatasi ya masharti: asubuhi unga, jioni unga, mchana mboga ya kuchemsha na yai moja, hakuna posho (ugali), hakuna matooke (ndizi za kupika), hakuna chapati, hakuna muhogo, hata ndizi mbivu hakuna.

Niseme ukweli, wiki ya kwanza nilitoka kilo 4 na nikafurahi sana, nikampigia simu dada yangu Busia nikamwambia na yeye atafute hela. Siku hizo sikuelewa nilichopoteza. Baadaye sista (nesi) wa kliniki ndo alinieleza kwamba mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika kama gramu 3 za maji, sasa ukikata wanga ghafla akiba inaisha na maji yanatoka nayo, mizani inashuka lakini mafuta ya tumbo bado yako palepale. Na ile chai nayo, nilipogeuza boksi nikasoma vizuri maandishi madogo nikakuta neno senna. Senna ni sanamaki! Ile ambayo bibi alitupa tukifunga choo, tena kidogo tu na siku moja, yani mtu akuuzie sanamaki unywe kila usiku mwezi mzima akwambie inayeyusha mafuta. Inaharisha, basi. Inatoa maji na chumvi za mwili, na ukizoea, utumbo unakuwa mvivu hauwezi kufanya kazi bila hiyo. Ile kizunguzungu na kukakamaa miguu usiku nilikuwa naambiwa ni "sumu inatoka".

Wiki ya tatu ndo ilikuwa mbaya. Napika posho na maharage ya watoto alafu nasimama pembeni na kikombe cha unga, napakua nikitetemeka. Niliwafokea watoto kwa vitu vidogo. Nikipita kwenye kibanda cha rolex (chapati ya kuviringishia mayai) asubuhi ile harufu ya vitunguu na mayai inanifuata mpaka sokoni, nawaza chakula saa zote, naota chakula. Nilidhani ni mimi tu sina moyo wa kuvumilia. Kumbe hata Marekani mwaka 1944 mpaka 1945, mtafiti Ancel Keys pale Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume wenye afya nzuri wakajitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi 6, na hao vijana wakaanza kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kununa na kukosa raha na kuota vyakula, na walipofunguliwa wakala kupita kiasi. Niliposikia hiyo nililia kidogo, sababu miezi mingi nilikuwa najilaumu.

Siku ya 30 nilikuwa kilo 84. Miezi minne baadaye nilikuwa 93, kuzidi hata nilipoanzia. Nikampigia yule mama muuzaji akasema sikufuata masharti ninunue pakiti nyingine. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Nilifuata. Kila siku. Tatizo ni kwamba mwili ukiona chakula kimekatika hivyo unafikiri kuna njaa kwenye nchi, unapunguza matumizi yake na unaongeza njaa. Mafuta ya mwili yenyewe yanatoa homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994, inaiambia akili kwamba akiba iko, sasa mafuta yakipungua leptini inashuka na akili inaanza kukusukuma ule. Kuna watu 14 walioshindana kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani cha kupunguza mwili, watafiti wakawapima tena miaka 6 baadaye na majibu yakatoka 2016, wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa bado inachoma kama kalori 500 kwa siku chini ya ile ingetegemewa kwa mtu wa ukubwa wao. Miaka 6! Alafu mtu anakwambia wewe ni mvivu.

Kuna kitu kingine hapa kwetu ambacho hakiandikwi kwenye pakiti yoyote, na mi naona ndo kizito kuliko vyote. Hapa Uganda ukikonda haraka watu hawakupongezi, wanaogopa. Wazazi wetu walizika watu. Miaka ya 80 UKIMWI ulipoanza kule Rakai watu waliuita slim, kwa sababu mtu alikuwa anakonda mpaka anaisha, na hata madaktari wa Uganda na wenzao walipouandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1985 waliuita kwa jina hilohilo. Mama yangu alimzika mdogo wake hivyo. Kwa hiyo aliponiona na kilo 84, uso umeingia, shingo imetoka mifupa, hakuniambia nimependeza, alikaa kimya alafu jioni akanishika mkono akauliza, "Mwanangu, uniambie tu ukweli, umepima?" Nikamwonyesha pakiti, hakuamini. Kuanzia siku hiyo kila nikienda kwake kuna kuku wa luwombo (wa kupikwa kwenye majani ya mgomba) na matooke mlima mzima na hawezi kuniacha niinuke. Nimkatalie vipi? Mume wangu naye mama mkwe alimuuliza kama ananilisha. Nani anaweza kushinda hiyo kwa siku 30?

Sasa kliniki. Ni kliniki ndogo hapa mjini, sista mmoja amesomea lishe anaona watu Jumamosi, shilingi 30,000 kila ukienda, mara mbili kwa mwezi mwanzoni alafu mara moja. Kitu cha kwanza hakunipandisha kwenye mizani. Alipima presha, sukari, na kiuno kwa futi ya fundi nguo, akasema tunataka kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, kwako ni 80, leo uko 104, hatuna haraka. Akaniambia hata nikipunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito presha na sukari vinaweza kushuka vizuri, si lazima nirudi mwili wa msichana. Alafu akauliza swali ambalo sikutegemea: nyumbani mnapika nini na nani anapakua?

Hatukuondoa chakula chochote. Hiyo ndo ilinishangaza, nilizoea kuambiwa acha hiki acha kile. Tulianza na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe 4 kwa siku sokoni, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, hiyo ni vijiko 12, na soda moja mchana ambayo chupa ya mililita 300 ina kama vijiko 8. Tulishusha kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, sa hivi nakunywa na nusu kijiko na ulimi umezoea kabisa. Soda nimebakiza ya harusi na sherehe. Kisha mafuta: nilikuwa namimina kutoka kwenye kibuyu bila kupima, sasa napima na kijiko cha kulia, viwili kwa sufuria nzima ya watu sita, na hakuna mtoto amelalamika. Sahani nikaibadilisha mpangilio, nusu ni mboga za majani, dodo (mchicha), nakati, sukuma, chochote kiko sokoni bei nzuri, robo ni posho au matooke, robo maharage au mukene (dagaa) au samaki. Sosi ya njugu bado naila ila naiweka kama sosi sio kama supu. Rolex nakula moja tu siku ya Ijumaa, ya mayai mawili na chapati moja. Wote nyumbani tunakula sufuria moja, sipiki changu pembeni tena, na hiyo peke yake iliniondolea huzuni kubwa.

Kutembea: nilikuwa napanda boda kwenda na kurudi. Sasa jioni narudi kwa miguu, kwanza nilikuwa naishia nusu njia napanda boda, baada ya mwezi nikafika. Sista alitaka dakika 150 kwa wiki, akanieleza kuna utafiti mkubwa Marekani uliotoka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, wale waliofundishwa kula vizuri, kupunguza kama asilimia 7 ya uzito na kutembea hizo dakika 150, hatari yao ya kisukari ilishuka asilimia 58, kuliko hata waliopewa vidonge. Na hela ya boda jioni ndo inalipia kliniki, piga hesabu mwenyewe.

Mabaya ya kliniki yapo. Foleni ya Jumamosi inaniumiza sababu ndo siku ya mauzo. Karatasi ya chakula wamechapa kwa Kiingereza, imejaa oti na brokoli, vitu vya supamaketi ya Kampala, mi nikairudisha nikamwomba sista tuandike upya kwa Kiswahili na vyakula vya soko letu, akakubali na akaniuliza bei za mboga akaandika. Na kilo zinashuka polepole, kuna miezi miwili haikushuka hata moja na nilitaka kuacha, kilichonizuia ni presha ilikuwa inaendelea kushuka. Kama una mimba, unatumia dawa za sukari, au umewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula au kujitapisha, usifuate mambo yangu, nenda uonwe kwanza. Na kama utaambiwa unahitaji dawa ya presha meza, mi mwenyewe ningemeza.

Leo ni miezi 11 tangu nianze kliniki. Kilo 86, kiuno 93, presha mara ya mwisho 128 kwa 82. Mama sasa haniulizi kama naumwa kwa sababu nimepungua taratibu mbele ya macho yake, na mwezi uliopita nilipomtembelea alikuwa ameshapika dodo nyingi kuliko matooke bila kuambiwa, tukala, alafu akasema atanisindikiza mpaka stendi kwa miguu. Anasema magoti yake yamekaza. Jumamosi ijayo nampeleka kwa sista apimwe presha na yeye.

Kopo moja la ule unga lilikuwa limebaki na unga kidogo na jirani alitaka kulinunua. Sikumuuzia, nilimwaga, nikaliosha nikaweka njugu.